Hamira Ikinyamaza Usiku

Kabla sijaenda kusoma nilifanya kazi ya usiku, miaka miwili, katika bekari moja ya Ng'ambo, mjini Unguja. Tulioka boflo. Unga wa ngano, maji, chumvi na hamira, basi, sukari haikuingia. Tulianza kukanda baada ya isha, tukaufunika unga kwa magunia ya pamba yaliyofuliwa, kisha tukakaa baraza ya nyuma na kahawa huku tanuri likipata moto. Fundi wetu mkuu, mzee ambaye sote tulimwita Babu, hakuvaa saa. Unga aliujua kwa kiganja.

Kulikuwa na jambo lililonitia wasiwasi kila usiku. Unga ulianza kuumuka kwa nguvu, ukapanda kwenye beseni huku tunautazama, halafu baada ya saa moja hivi ukapunguza mwendo. Vipovu vya juu vikawa vichache. Ungedhani hamira imekufa. Mara ya kwanza nilikimbilia kopo nikatie hamira nyingine, na Babu akanishika mkono.

"Babu, unga umekwama."

"Haujakwama, mwanangu. Umenyamaza tu. Uache."

"Unanyamaza kwa nini?"

"Hilo silijui, na aliyenifundisha hakulijua. Lakini ukiuchokoza sasa, alfajiri utamwagika sakafuni."

Nikauacha. Baada ya kitambo ukaanza upya, wenyewe, na safari hii haukusita mpaka tulipoukata na kuutia kwenye makopo.

Miaka ikapita. Nikawa mwanafunzi wa biokemia Ulaya, na siku moja nikawekwa mbele ya mashine inayopima gesi inayotoka kwenye donge la unga. Mashine ilichora mstari: mlima, bonde, halafu mlima wa pili. Wenzangu waliandika namba zao wakaenda kula. Mimi nilibaki kulitazama lile bonde. Nilikuwa nimelikalia usiku mwingi sana kule barazani, na hapo ndipo nilipoliona umbo lake kwa mara ya kwanza.

Kuna wanaoeleza kwamba hamira "inafyonza" sukari, kana kwamba ni kitambaa kilichotupwa kwenye maji. Nami nilifundishwa hivyo shuleni, na neno hilo linaficha karibu kila kitu kinachofaa kujulikana. Seli moja ya hamira ina upana wa mikromita 5 hivi. Ukizipanga 200 zitajaa milimita moja. Katika gramu moja ya hamira mbichi ziko kama bilioni 10. Kila mojawapo imezungukwa na utando wa mafuta wenye unene wa nanomita 7 hivi. Ukitaka kufikia unene wa karatasi ya daftari, itabidi upange tando hizo zaidi ya 10,000 moja juu ya nyingine. Lakini mafuta ni mafuta. Chukua kijiko cha sukari ukitie kwenye kikombe cha mafuta ya kupikia, koroga utakavyo: sukari itatua chini ile ile. Ernest Overton, aliyefanya kazi Zürich, aliona mwaka 1899 kwamba vitu vinavyoyeyuka kwenye mafuta hupenya seli kwa urahisi, na vile vya majimaji hukwama, akahisi kwamba ngozi ya seli ina asili ya mafuta. Mwaka 1925 Gorter na Grendel, huko Uholanzi, walipima mafuta ya seli nyekundu za damu wakakuta yanatosha kuifunika seli mara mbili. Utando una tabaka mbili.

Kwa hiyo hamira imo ndani ya chakula, imezama humo, na bado ingeweza kufa njaa. Sukari iko upande wa pili wa ukuta usioyeyusha sukari. Kinachoiokoa ni protini zilizopachikwa ndani ya utando, na mimi nimetumia sehemu nzuri ya maisha yangu kuzisoma hizo.

Protini ya kubeba sukari ni uzi mmoja mrefu wa amino asidi, vile vipande vinavyojenga protini zote, unaoushona utando kutoka upande mmoja hadi wa pili, mara 12. Mishono hiyo ikijikusanya, katikati hubaki nafasi ndogo inayoitosha molekuli moja ya sukari. Watu wengi husikia "mlango" wakafikiri tundu. Si tundu. Kama lingekuwa tundu, seli ingevuja kila kilichomo. Wazo lililoshika mizizi lilitolewa na Oleg Jardetzky mwaka 1966: nafasi ile hufunguka kwa nje, ikapokea kitu, ikafunga kwa nje, ndipo ikafunguka kwa ndani. Kwetu pwani mfano wake upo tayari. Nyumba za mawe za Lamu zina tekani, kile chumba kidogo cha kupitia baina ya mlango wa nje na ua wa ndani. Mgeni hupokewa pale, na akiwa pale hawaoni walio ndani. Protini hii ni tekani, na sheria yake ni kwamba milango miwili haiwi wazi kwa pamoja hata mara moja.

Hamira ya mikate, Saccharomyces cerevisiae, ndiyo kiumbe wa kwanza mwenye kiini cha seli kusomwa jeni zake zote. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1996, zikapatikana jeni kama 6,000. Humo ikaonekana ukoo mzima wa protini za sukari sahili: Hxt1 hadi Hxt17, pamoja na Gal2 ya galaktosi. Wabebaji 18 kwa seli ndogo kiasi kile! Niliposoma hivyo nilijiuliza wa nini wote hao. Jibu, kwa sehemu, limo kwenye aina ya mshiko. Hxt1 hufanya kazi vizuri sukari ikiwa tele. Hufika nusu ya kasi yake panapokuwa na glukosi kama gramu 18 kwa lita, sawa na vijiko vinne vya chai. Hxt7 hushika sukari hata ikiwa chache mara mia kuliko hapo. Yule wa mshiko mkali huona kila chembe, ila kwenye sukari nyingi faida hiyo haina kazi, na hamira hufanya jambo lililonishangaza nilipolisoma: humng'oa. Glukosi ikijaa, Hxt7 huondolewa kwenye utando na kuvunjwavunjwa. Sukari ikipungua hutengenezwa tena.

Nani anaipa seli habari? Kuna ndugu wawili wa ukoo huo huo, Snf3 na Rgt2, waliojengwa kwa umbo la wabebaji lakini hawabebi kitu. Glukosi huwagusa kwa nje, nao mkia wao mrefu ulio ndani hupeleka habari hadi kwenye jeni. Ni kama wazee wanaokaa barazani. Hawaingizi mzigo wowote, lakini hakuna anayepita mtaani wasimjue, na nyumba inajiandaa kwa maneno yao.

Sasa turudi kwenye boflo. Unga wa ngano wenyewe una sukari kidogo tu iliyo tayari. Sukrosi iliyomo, aina ile ile ya sukari ya dukani, haiingii ikiwa nzima. Hamira hutoa kimeng'enya kiitwacho invatesi kwenye ukuta wake wa nje, kikaikata sukrosi palepale kuwa glukosi na fruktosi, ndipo vipande viingie kupitia Hxt. Glukosi hutangulia, kwa sababu wabebaji wanaipenda zaidi, na fruktosi hufuata. Huo ndio mlima wa kwanza wa mashine yangu. Kila sukari inayopita inateremka, kutoka palipo nyingi kwenda palipo chache, kwa kuwa ndani seli huibandika glukosi fosfeti mara ifikapo na haiachi irundikane. Safari ya mteremko haina nauli.

Lakini wakati huo huo jambo jingine linaendelea kwenye unga. Vimeng'enya vya ngano vinakata wanga polepole na kutoa maltosi, ambayo ni glukosi mbili zilizoungana. Inarundikana saa nzima. Hamira inaogelea ndani ya maltosi na haiigusi, maana Hxt haziwezi kuibeba. Maltosi ina mbebaji wake. Na glukosi, maadamu ipo, inazuia jeni za mbebaji huyo zisisomwe. Zaidi ya hivyo, hata wabebaji wa maltosi waliokuwepo tangu zamani huwekwa alama, wakavutwa ndani na kuvunjwa. Hamira imeubomoa mlango wa chakula cha kesho kwa sababu chakula cha leo bado kipo.

Halafu glukosi inakwisha.

Hapo ndipo bonde linapoanza, na hapo ndipo Babu alipokuwa akisema "umenyamaza." Seli haijalala hata kidogo. Kizuizi cha jeni kinaondoka. Maltosi kidogo inayopenya kupitia wabebaji wachache waliobaki inaamsha protini inayoziwasha jeni za maltosi. Yaani ili kujenga mlango, sharti kwanza kitu kipite kwenye mlango, na yale mabaki machache ndiyo yanayoiokoa seli. Jeni zinasomwa, uzi wa amino asidi unashonwa kwenye utando wa ndani, unakaguliwa, unafungwa kwenye vifuko vidogo na kusafirishwa hadi pembeni mwa seli, ambako kifuko kinaungana na utando na mbebaji anakuwa mahali pake. Njia hiyo ya vifuko tunaijua kwa kiasi kikubwa kutokana na hamira hii hii. Peter Novick na Randy Schekman, California, walitafuta hamira zilizoharibika kiasi kwamba vifuko vinakwama njiani, wakatangaza ya kwanza mwaka 1979. Schekman alipewa Nobel mwaka 2013 pamoja na James Rothman na Thomas Südhof. Kila nikikumbuka magunia yetu ya pamba juu ya mabeseni, nafikiria vifuko hivyo, mabilioni, vikisafiri gizani huku sisi tukibishana mpira.

Na mlango wa maltosi si wa mteremko. Huu una ada. Mbebaji wa maltosi hupokea molekuli moja ya maltosi pamoja na protoni moja, ile chembe ya haidrojeni inayoleta asidi, na hamkubali mmoja bila mwenzake. Protoni inataka sana kuingia, maltosi inaingia nayo kwa mkono mmoja. Lakini protoni ikishaingia lazima irudishwe nje, la sivyo seli inajaa asidi mpaka kufa. Kazi hiyo ni ya Pma1, pampu iliyo miongoni mwa protini nyingi kabisa kwenye utando wa hamira. Husukuma protoni moja nje kwa kila molekuli moja ya ATP, sarafu ya nguvu ya seli, inayotumika. Edward Conway wa Dublin aliiona athari yake miaka ya 1940 kabla hakuna anayejua pampu: hamira yenye sukari huyatia maji yake asidi kali. Peter Mitchell alieleza mwaka 1961 kwamba seli huhifadhi nguvu kwa kutenganisha protoni pande mbili za utando, akabishiwa kwa miaka mingi, akapewa Nobel mwaka 1978.

Piga hesabu. Glukosi mbili zikichachushwa hutoa ATP 4. Maltosi moja ni glukosi mbili, lakini ATP moja imekwenda kwa pampu, zinabaki 3. Robo ya faida imelipa ada ya mlangoni. Mimi naona hesabu hii inaeleza adabu yote ya hamira: kwa nini inamaliza kwanza kile kisicho na nauli, na kwa nini haijengi mlango wa gharama mpaka ilazimike.

Pma1 ina habari nyingine ambayo siwezi kuipita. Hamira huzaa kwa kuchipua. Mama hutoa kichipukizi kinachokuwa binti. Mwaka 2014 watafiti wa Seattle walionyesha kwamba pampu hizo hubaki kwa mama, na binti huanza na chache mno. Kwa sababu hiyo vakuoli ya binti, kile chumba cha ndani chenye asidi, huwa na asidi zaidi kuliko ya mama, na jambo hilo linahusiana na kuzeeka kwa mama na upya wa binti. Mzee hubaki na pampu zake, na umri wake.

Amino asidi nazo zina wabebaji wao. Marcelle Grenson, Brussels, alikaa miaka akiwatenganisha mmoja mmoja, na mwaka 1970 yeye na wenzake walieleza mbebaji wa jumla, Gap1, anayepokea karibu kila amino asidi. Gap1 hukaa mlangoni wakati wa dhiki, pale naitrojeni nzuri inapokosekana. Ukiitilia hamira amonia, Gap1 hubandikwa ubikwitini, protini ndogo kama lebo ya mzigo, na kupelekwa vakuoli kuvunjwa. Anayebandika anaitwa Rsp5. Nimewahi kuishi siku nzima na swali la namna Rsp5 inavyojua nani wa kumbandika, na nikafurahi kusoma kwamba haijui peke yake. Huja na wasaidizi, na kila msaidizi ana wabebaji anaowatambua.

Kuna sumu nazo zisizopita ukuta bila mlango. Kanavanini, inayopatikana kwenye mbegu za baadhi ya jamii za kunde, inafanana na amino asidi ya arijinini, kwa hiyo mbebaji wa arijinini, Can1, huiingiza bila kujua, na seli hufa. Ukimwaga mamilioni ya seli kwenye sahani yenye kanavanini, asubuhi ya tatu utaona vidoa vichache vyeupe: hao ni waliozaliwa na Can1 iliyovunjika. Nilipoona vidoa vyangu vya kwanza nilikaa navyo muda mrefu. Walinusurika kwa kukosa mlango.

Kazi iliyonivutia kuliko zote ilitoka Ujerumani. Eckhard Boles na wenzake walitaka hamira isiyoweza kuingiza sukari sahili kabisa. Wakafuta jeni moja ya Hxt, ikala. Wakafuta ya pili, ikala. Waliendelea, na mwaka 1999 wakatangaza kwamba walilazimika kufuta jeni zisizopungua 20 ndipo glukosi ikakataa kuingia. Hamira hiyo hulishwa maltosi, kwa ule mlango wa ada, na kwa glukosi inakaa na njaa katikati ya shibe. Faida yake ni kwamba ukiipa mbebaji kutoka kiumbe kingine, ikianza kukua juu ya glukosi unajua mbebaji huyo anafanya kazi gani. Wazo la namna hiyo lilikuwa limekwisha kuzaa matunda Berlin mwaka 1992, pale mbebaji wa sukrosi wa spinachi alipopatikana kwa kupitia hamira. Na kuna waliompandikiza ndani ya hamira isiyo na Hxt mbebaji wa glukosi wa Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, kinachoishi kwa sukari ya damu yetu, ili watafute dawa ya kumziba. Sisi tuliolala chini ya vyandarua tangu utotoni hatuwezi kusoma habari hiyo kama wengine wanavyoisoma. Mdudu yule naye anakula kupitia tekani.

Nilipokwenda nyumbani likizo nilipita bekari. Babu alikuwa bado yupo, mikono imepungua nguvu, akikanda kwa kusimamia vijana. Nilimpa shikamoo, tukakaa baraza ile ile, nikamweleza bonde. Sikutumia majina ya protini. Nilisema: hamira ina mlango wa sukari nyepesi na mlango wa sukari ya wanga, hung'oa milango isiyoihitaji, na inaponyamaza inajenga ule wa pili.

Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na ile milango ya kwanza, ikishang'olewa, hutupwa wapi?"

"Haitupwi, Babu. Huvunjwa, vipande vikatumika kujengea mingine."

"Hiyo sawa," alisema, kama mtu aliyepewa bei nzuri. Halafu akauliza lile ambalo mimi, na masomo yangu yote, sikuwahi kuliuliza. "Sasa wale wa zamani walikuwa wanabakisha donge la unga wa jana, wanalichanganya na wa leo. Tuliliacha tulipoanza kununua hamira ya pakiti. Ile ya donge la jana si itakuwa na mlango wa pili tayari?"

Nilimwambia inawezekana, ingawa sukari nyepesi ya unga mpya inaweza kuanza kuibomoa milango hiyo kabla haijatumika. Akasema basi tutaona. Usiku ule tuliweka donge pembeni. Usiku wa pili tukakanda mabeseni mawili, unga ule ule, maji yale yale. Moja tukalitia hamira ya pakiti, la pili tukalichanganya na donge la jana. Tukayafunika. Kahawa ikaja. Vijana waliacha habari za mpira wakasogea, kila mara mmoja akiinua ncha ya gunia kuchungulia.

Kwenye saa nne na nusu beseni la pakiti likapunguza mwendo kama nilivyolijua. La donge la jana lilisita kidogo, si sana, likaendelea. Babu aliweka kiganja juu ya la kwanza, akakiacha pale, kisha akakihamishia kwenye la pili. Akawaambia vijana walete makopo, waanze na hili.